Huzuni, Moto wa Ndani na Saratani: Tiba ya Jadi ya Kichina Inatufundisha Nini?

Mama mmoja aliyekaribia umri wa miaka sitini aliketi mbele yangu kliniki, akaweka mezani vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa karatasi ya majibu ya maabara, iliyothibitisha kwamba kipande kilichokatwa kwenye titi lake la kushoto kilikuwa na saratani. Cha pili kilikuwa pakiti ya mizizi na magome makavu, yenye maandishi ya Kichina, aliyoletewa na mwanawe ambaye hufanya biashara kati ya Afrika Mashariki na Guangzhou. Kabla sijalifungua faili lake akaniuliza: "Daktari, mwanangu, niambie kweli. Wifi yangu anasema nimejitakia. Anasema miaka mitatu niliyomlilia marehemu mume wangu ndiyo iliyoniota kifuani. Na hii dawa, kijana wangu kaelezwa huko kwamba inafungua huzuni iliyokwama kwenye ini. Ni kweli hayo?"

Swali hilo lina sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza inahusu chanzo: je, huzuni huleta saratani? Ya pili inahusu tiba: je, kumtuliza mgonjwa ambaye tayari ana saratani kunaweza kumsaidia, na kwa njia ipi? Majibu ya maswali haya mawili hayafanani. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha, ili mgonjwa asibebeshwe lawama isiyo yake, wala asinyimwe msaada ambao ni haki yake.

Hisia saba za tabibu wa Kichina

Msingi wa tiba ya jadi ya Kichina ni kitabu cha kale kiitwacho Huangdi Neijing, yaani Kitabu cha Ndani cha Mfalme wa Manjano, ambacho wanahistoria wengi wanakadiria kuwa kilikusanywa katika karne ya pili au ya kwanza kabla ya Kristo. Kitabu hicho hakiutenganishi mwili na nafsi. Kinaeleza kwamba mwilini mna nguvu ya uhai iitwayo qi, hutamkwa "chi", ambayo inapaswa kupita bila kizuizi. Kila hisia huisukuma nguvu hiyo kwa namna yake: hasira huipandisha, furaha huilegeza, huzuni huipunguza, hofu huishusha, mshtuko huivuruga na fikira nzito huifunga fundo. Kila hisia pia ina makazi yake: hasira hukaa kwenye ini, furaha kwenye moyo, fikira nzito kwenye wengu, huzuni kwenye mapafu, na hofu kwenye figo.

Msomaji wa Kiswahili hatayaona maelezo haya kuwa mageni sana. Sisi pia husema kwamba aliyeumizwa mno amekatwa maini, aliyekata tamaa amevunjika moyo, na mwenye kungoja habari mbaya ana tumbo joto. Mababu zetu, kama walivyofanya mababu wa Wachina, walitambua kwamba hisia husikika mwilini kabla hazijapata maneno.

Mwaka 1174, tabibu Chen Yan wa enzi ya Song aliyagawa maradhi kwa vyanzo vitatu: vya nje, kama upepo, baridi na joto, vya ndani, ambavyo ni hisia saba, yaani furaha, hasira, wasiwasi, fikira nzito, huzuni, hofu na mshtuko, na vile visivyo vya nje wala vya ndani, kama ajali na kuumwa na wanyama. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mafundisho haya hisia si ugonjwa. Huwa chanzo cha ugonjwa pale tu zinapozidi kipimo, zinapokuja kwa kishindo au zinapodumu muda mrefu bila kutuliwa.

Katika karne ya kumi na nne, tabibu mwingine mashuhuri, Zhu Danxi (1281–1358), alieleza ugonjwa wa titi ulio mgumu kama jiwe, akautumia jina lenye maana ya "mwamba". Alieleza uvimbe mdogo usiouma, unaokaa miaka mingi kisha kupasuka na kuwa kidonda. Daktari wa leo akisoma maelezo hayo ataitambua saratani ya matiti isiyotibiwa. Zhu Danxi aliuhusisha ugonjwa huo na wanawake waliokusanya huzuni na hasira, mchana na usiku, kwa sababu ya kutoelewana na waume zao na wakwe zao.

Hapo ndipo tunapopaswa kusimama kidogo. Macho ya tabibu huyo yalikuwa makali, lakini aliwaona wanawake waliokuja kwake wakiwa tayari wagonjwa. Hakuwa na njia ya kuwahesabu maelfu waliobeba huzuni ileile ukweni na wasipate uvimbe wowote, wala wale walioishi kwa furaha na bado wakaugua. Bila hesabu ya namna hiyo, ni rahisi mno kumpata mgonjwa yeyote, kuyachunguza maisha yake, na kukuta humo huzuni ya kulaumiwa.

Wataalamu wa tiba hiyo huiita hali anayokuwa nayo mtu mwenye huzuni iliyoganda "mkwamo wa qi ya ini". Dalili wanazozitaja ni kubanwa na kifua, kuvuta pumzi ndefu, kukasirika upesi, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya chakula. Ni vizuri kufahamu kwamba "ini" wanalolizungumzia ni jina la kundi la kazi za mwili na nafsi, na halilingani na lile ini tunalolipima kwa picha za mawimbi ya sauti. Husema vilevile kwamba mkwamo ukidumu hugeuka kuwa moto. Neno hilo moto ndilo linalotufikisha kwenye sayansi ya leo, ingawa, kama tutakavyoona, moto wa tabibu wa kale na moto wa maabara si kitu kimoja.

Inflamesheni ni nini?

Ukichomwa na mwiba, baada ya saa chache mahali pale hupata joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Hiyo ndiyo inflamesheni. Ni kazi ya mfumo wa kinga: mishipa midogo ya damu hutanuka, seli nyeupe hukimbilia eneo hilo, na kemikali ziitwazo saitokini hutumwa kama tarishi kuita msaada. Mwiba ukitoka na vijidudu vikifa, moto huzimwa na kidonda hupona.

Tatizo huanza pale moto unapokosa kuzimika. Mwaka 1863, mtaalamu wa patholojia wa Ujerumani, Rudolf Virchow, aliona seli nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani, akadhani kuna uhusiano kati ya saratani na inflamesheni ya muda mrefu. Mwaka 1986, Harold Dvorak wa Marekani aliufananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona. Leo tunayo mifano iliyo wazi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huwasha inflamesheni ya miaka mingi inayoweza kuishia katika saratani ya ini. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori hufanya hivyo tumboni. Na kichocho cha mkojo, ambacho wakazi wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wanakifahamu, huweka mayai kwenye ukuta wa kibofu na kusababisha inflamesheni inayoweza kuzaa saratani ya kibofu.

Saratani yenyewe, ikishaota, huutumia moto huo. Saitokini kama interlukini-6, kwa kifupi IL-6, husaidia seli za saratani kukua, kuota mishipa mipya ya damu na kukwepa kinga ya mwili. Ini hupokea ishara za IL-6 na kutengeneza protini iitwayo CRP, ambayo twaweza kuipima kwenye damu.

Hata hivyo, kupunguza inflamesheni si sawa na kutibu saratani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo. Waliochomwa dawa ya kuzuia saitokini moja ya inflamesheni walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache zaidi. Lakini dawa hiyohiyo ilipojaribiwa baadaye kwa watu waliokwisha kuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa, haikurefusha maisha yao kama ilivyotumainiwa.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Hisia huufikiaje moto huu? Njia zinazojulikana ni tatu. Ya kwanza ni mfumo wa neva unaotuandaa kupigana au kukimbia. Mtu mwenye dhiki hutoa adrenalini na noradrenalini, na kemikali hizi huziamsha seli za kinga zitengeneze saitokini. Ya pili ni homoni ya kotisoli. Kwa kawaida kotisoli huzima inflamesheni, lakini dhiki ikidumu miezi na miaka, seli za kinga huzizoea amri zake na kuacha kuzitii. Ya tatu ni neva ya vagasi, neva ndefu itokayo kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Tangu mwaka 2000, utafiti wa Kevin Tracey na wenzake umeonyesha kwamba neva hii inaweza kuzuia utoaji wa saitokini. Mtu anapopumua polepole na mwili wake kutulia, kazi ya neva hiyo huongezeka.

Mwaka 2006, watafiti wa Houston, Marekani, walionyesha kwamba panya wenye saratani ya ovari waliowekwa katika dhiki ya kudumu, uvimbe wao ulikua na kuota mishipa ya damu kuliko wa panya waliokuwa watulivu, na kwamba kuzuia njia ya adrenalini kuliondoa tofauti hiyo. Huo ni ushahidi wa panya, na kile kinachotokea ndani ya ngome za maabara hakiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye maisha ya binadamu.

Njia ya kurudi, kutoka kwenye inflamesheni hadi kwenye hisia, husahauliwa mara nyingi, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faraja kubwa zaidi kwa mgonjwa. Mwaka 2001, Dominique Musselman na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 40 wenye melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi, waliokuwa wakitibiwa kwa interferoni, dawa inayoamsha saitokini kwa nguvu. Miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 45 walipata sonona. Miongoni mwa waliopewa mapema dawa ya kuzuia sonona iitwayo paroksetini, ni asilimia 11 tu walioipata. Watu hawa hawakuwa wamepungukiwa na ujasiri wala imani. Sonona yao ililetwa na kemikali. Katika mwaka uohuo, watafiti hao walionyesha pia kwamba wagonjwa wa saratani wenye sonona walikuwa na kiwango kikubwa cha IL-6 kwenye damu kuliko watu wenye afya na wagonjwa wa saratani wasio na sonona.

Hivyo basi, mgonjwa anaposema hana hamu ya kula, hataki kuongea na watu, usingizi umemkimbia na mwili umekuwa mzito kama gunia la mchanga, huenda sehemu ya hali hiyo inatoka kwenye ugonjwa wenyewe na matibabu yake. Ndugu wanaomwambia "jikaze" wanamtaka ashinde kwa nia kitu ambacho kinahitaji kutibiwa.

Je, huzuni huleta saratani?

Sasa turudi kwenye swali la kwanza la yule mama. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za watu 116,056 wa Ulaya, uliotafuta uhusiano kati ya dhiki ya kazini na saratani. Haukupatikana uhusiano na saratani ya matiti, ya mapafu, ya tezi dume wala ya utumbo mpana. Mwaka 2023, uchambuzi mwingine wa watu zaidi ya 300,000 wa Uholanzi, Uingereza, Norwe na Kanada ulichunguza sonona na wasiwasi. Kwa ujumla hali hizo hazikuongeza hatari ya kupata saratani, wala saratani ya matiti. Uhusiano ulionekana katika saratani ya mapafu na nyingine zinazotokana na uvutaji sigara, nao ulipungua sana watafiti walipozingatia uvutaji, pombe na uzito. Maana yake ni kwamba mtu mwenye huzuni anaweza kuvuta na kunywa zaidi, na mambo hayo ndiyo yanayomdhuru.

Vipi kuhusu maisha baada ya ugonjwa kugunduliwa? Mwaka 1989, David Spiegel alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliohudhuria vikundi vya kusaidiana kihisia waliishi muda mrefu zaidi. Wanawake wote katika utafiti huo walikuwa 86. Habari hizo zilienea duniani. Mwaka 2001, utafiti mkubwa zaidi wa wanawake 235 nchini Kanada haukuona ongezeko la maisha, ila uliona kwamba vikundi vilipunguza dhiki na maumivu, hasa kwa waliokuwa na hali mbaya zaidi mwanzoni. Mwaka 2007, uchambuzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo ulionyesha kwamba hali yao ya kihisia haikutabiri nani angeishi zaidi.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama hivi: "Mama, hukujitakia. Kumlilia mume uliyeishi naye miaka thelathini ni haki yake na haki yako. Machozi yako hayakuota kifuani."

Nini kimethibitika kusaidia?

Kama kutuliza hisia hakuongezi miaka ya kuishi kwa uhakika, kwa nini tujisumbue? Ni kwa sababu ileile inayotufanya tutibu maumivu. Mgonjwa asiyelala, asiyekula na aliyekata tamaa huteseka, hukosa siku za kliniki na pengine kuacha tiba kabla ya wakati. Katika eneo hili tiba ya jadi ya Kichina ina mchango uliopimwa.

Tai chi na qigong ni mazoezi ya mwendo wa polepole yanayounganisha pumzi, mwili na fikira. Mwaka 2010, huko Sydney, wagonjwa 162 wa saratani mbalimbali waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilifanya qigong kwa wiki kumi, jingine liliendelea na huduma za kawaida. Waliofanya qigong walipata nafuu ya uchovu na hali ya moyo, na CRP yao ilikuwa chini kuliko ya kundi la pili. Huko Marekani, Michael Irwin na wenzake waliwachukua wanawake 90 waliopona saratani ya matiti lakini hawapati usingizi. Nusu walifundishwa tai chi, nusu walipata tiba ya kisaikolojia ambayo ndiyo bora kwa tatizo hilo. Mwaka 2017 waliripoti kwamba miezi kumi na mitano baada ya kuanza, idadi ya waliopata nafuu katika makundi hayo mawili ilikaribiana. Katika taarifa ya awali, seli za kinga za waliofanya tai chi zilitoa saitokini kwa uchache zaidi, ingawa CRP yao haikubadilika.

Kuhusu tiba ya sindano, yaani akupancha, mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 226 wenye saratani ya matiti waliokuwa wakiumwa viungo kwa sababu ya dawa za kupunguza homoni. Sindano za kweli zilipunguza maumivu kuliko sindano za kuigiza, ingawa tofauti haikuwa kubwa sana. Mwaka 2021, kikundi kilichoongozwa na Qiufu Ma kilionyesha kwa panya kwamba umeme mdogo ukipitishwa kwenye nukta ya mguuni, ambayo matabibu wa Kichina huiita Zusanli, huamsha neva ya vagasi na kupunguza inflamesheni, na kwamba mahali na nguvu ya umeme ni vya maana. Kwa mgonjwa ambaye seli nyeupe au chembe sahani za damu zimeshuka kwa sababu ya kemotherapia, sindano zaweza kuleta maambukizi au kutokwa damu. Daktari wake lazima aulizwe kwanza.

Na ile pakiti je?

Mwenzangu asomaye Kichina alinisomea jina lililoandikwa: Xiao Yao San. Ni dawa ya tangu enzi ya Song, inayotolewa kwa mkwamo wa qi ya ini. Ina mitishamba kadhaa, ikiwemo chaihu, danggui, baishao na mzizi wa susi. Haikubuniwa na tapeli, nayo ina historia ndefu. Hata hivyo, historia ndefu haijibu maswali ya mgonjwa anayetumia dawa za leo.

Danggui inaweza kuongeza nguvu ya warfarini na kusababisha damu kutoka. Katika maabara imeonekana kuchochea baadhi ya seli za saratani ya matiti, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunawashauri wenye saratani ya matiti inayotegemea homoni waiepuke. Susi ikitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Zaidi ya hayo, hakuna ajuaye kwa hakika kilichomo katika pakiti isiyopimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake nchini Ubelgiji waliopewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mtishamba wa Kichina uliokosewa walipata figo zilizokufa, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sumu iliyowadhuru, asidi ya aristolokiki, leo imeorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuiacha tiba ya hospitali. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwalinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na wale waliopata tiba ya kawaida, wote wakiwa na saratani ambazo hazijasambaa. Hatari ya kufa kwa kundi la kwanza ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano.

Sisemi haya kwa kuibeza tiba ya Kichina. Dawa mseto ya malaria tunayowapa watoto wetu ina asili yake katika mmea wa qinghao, ulioandikwa na tabibu Ge Hong katika karne ya nne. Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa artemisinini ndani ya mmea huo. Arseniki, sumu iliyotumiwa na matabibu wa jadi wa China, ilichunguzwa na madaktari wa Harbin tangu miaka ya 1970, na leo ni sehemu ya tiba inayoponya wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu. Katika mifano yote miwili, kilichomfikia mgonjwa ni dawa iliyosafishwa, iliyopimwa kipimo chake na kujulikana madhara yake.

Kwa wahudumu wa afya

Mwulizeni kila mgonjwa wa saratani kuhusu hisia zake kama mnavyomuuliza kuhusu maumivu. Njia rahisi ni kumwomba ataje dhiki yake ya wiki iliyopita kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Akitaja 4 au zaidi, achunguzwe kwa kina. Dodoso la PHQ-9 la kupima sonona lina tafsiri ya Kiswahili. Kabla ya kusema ni sonona, tafuteni upungufu wa damu, maumivu yasiyotibiwa, maambukizi, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na dawa kama deksamethasoni zinazovuruga usingizi na hisia. Mgonjwa anayetumia tamoksifeni asipewe fluoksetini wala paroksetini pale ambapo ipo dawa nyingine, kwa kuwa hizo huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa katika hali yake yenye nguvu. Na mnapouliza kuhusu mitishamba, msiulize kwa ukali. Mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hataleta pakiti yake tena.

Kwa wagonjwa na jamaa zao

Huzuni, hofu na hasira baada ya kuambiwa una saratani ni za kawaida. Zikidumu zaidi ya wiki mbili na kukunyima usingizi, chakula au hamu ya kuishi, mweleze daktari. Na ukijiwa na wazo la kujidhuru, usingoje hata siku moja. Kutembea, kufanya mazoezi ya polepole na kupumua kwa utulivu dakika chache kila siku ni salama kwa wagonjwa wengi na hakuna gharama. Chochote unachokunywa, kiwe cha Kichina, cha kwetu au cha dukani, kilete kliniki. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Anayeficha dawa naye yumo hatarini vilevile.

Nanyi jamaa, msiutafute mkosaji ndani ya mgonjwa. Nilimwomba yule mama aje na wifi yake siku ya pili. Walikuja pamoja, wakakaa viti viwili vilivyokaribiana. Nilipomaliza kueleza, wifi alinyamaza kwa muda, kisha akalia. Marehemu alikuwa kaka yake, naye hakuwa amepata nafasi ya kumlilia. Pakiti niliiweka kabatini kwa ridhaa ya mama, na wiki iliyofuata akaanza kemotherapia. Aliyemshika mkono kumleta alikuwa wifi yake.